Inagonga "ko!" Ukiachia Klachi: Usinunue Difu Kabla Hujaishika Propela

Swali: Shikamoo fundi. Nina Toyota Hilux ya mwaka 1994, dizeli, foo wili yenye hab za tairi za mbele za kufunga kwa mkono. Aliniachia marehemu baba. Naishi Sengerema, nachukua dagaa mwaloni napeleka Mwanza, soko la Kirumba. Miezi kama mitatu sasa, nikiweka gia ya kwanza na kuachia klachi inagonga "ko!" mara moja chini, halafu inatembea vizuri. Nikitoka rivasi kwenda gia ya kwanza inagonga zaidi. Kuna wakati hugonga hata nikikanyaga breki na gari linasimama. Pale darajani Busisi, mwendo ukishatulia, sisikii kitu. Fundi mmoja aliingia uvunguni, akazungusha propela (lile bomba refu linalopeleka nguvu nyuma) kwa mkono, akasema difu (boksi ya gia katikati ya eksli ya nyuma) imekwisha, ninunue nyingine. Hela anayotaka ni ya msimu mzima wa dagaa. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuondokewa na mzee. Hiyo hela iache ilale kwanza. Huenda huyo fundi yuko sahihi, maana difu ya gari la miaka thelathini na ushee huchoka kweli. Lakini dalili ulizonipa nyingi zinaelekeza kwingine, na alichokipima hakitoshi kuihukumu difu. Nitakueleza kwa nini, halafu tutaingia uvunguni pamoja. Ni kazi ya asubuhi moja. Tafuta chaki, tochi, bisibisi kubwa, bomba la grisi, na mtu mmoja wa kukaa kwenye usukani.

Huo mlio tuuelewe kwanza. Nguvu ya injini inapita klachi, giaboksi, transfa (boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma), krosi (viungo vya msalaba) za propela, pinioni na krauni (gia ndogo na gia kubwa za difu), gia ndogo nyingine zilizo ndani ya difu, meno ya eksli, ndipo inafika kwenye tairi. Kila mahali ambapo chuma kinasukuma chuma pana nafasi kidogo, vinginevyo visingezunguka. Gari likiwa limesimama vyuma hivyo vimelegeana. Ukiachia klachi kila kimoja kinamkimbilia mwenzake, na penye nafasi iliyozidi ndipo panapopiga kelele. Ukitoka rivasi kwenda mbele, nafasi zote zinageuzwa kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, ndiyo maana kwako inagonga zaidi hapo. Darajani ukiwa umetulia, vyuma vyote vimeegemea upande mmoja, havina pa kurukia. Ungesikia mtetemo pale, au mvumo unaobadilika ukiachia mafuta, ningekuambia habari nyingine.

Sasa hiki kipimo cha kuzungusha propela. Nimeona difu nyingi nzima zikitolewa kwa sababu yake. Kwenye Hilux kama yako propela inazunguka mara nne na zaidi ili tairi lizunguke mara moja. Kwa hiyo kanafasi kadogo kalikoko upande wa tairi, kwenye meno ya eksli na gia ndogo za difu, ukikapima kwa mkono kwenye propela utakaona kamekuzwa mara nne na zaidi. Kwenye difu ya Toyota ya inchi 8, nafasi inayotakiwa kati ya krauni na pinioni ni milimita 0.13 hadi 0.18. Krauni yenyewe ina kipenyo cha sentimita kama 20, na ukipiga hesabu, nafasi hiyo pale kwenye flenji ya pinioni, ile sahani ambapo propela inafungwa kwenye difu, haifiki hata nusu digrii. Jicho lako haliwezi kuiona. Unachokisikia mkononi ni jumla ya vitu vingi, na kama fundi alishika bomba la propela badala ya flenji yenyewe, alikuwa anaipima na krosi ya nyuma humo humo, halafu lawama zote akaitwisha difu.

Basi tuanze. Tafuta sehemu tambarare kabisa. Vuta handbreki, kisha weka mawe mbele na nyuma ya tairi za nyuma, mawe ya maana. Kwetu huku hayakosekani. Gari la Hilux liko juu, unaingia uvunguni bila jeki. Ukilazimika kuliinua, liweke juu ya stendi au magogo yasiyoyumba, usilale hata dakika moja chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Zima injini, funguo weka mfukoni mwako.

Lakini kabla ya kulala chini, kaza nati za tairi zote nne, kisha toa kila kitu kinachotembea bodini: jeki, spana ya magurudumu, ndoo, tairi la akiba lililolegea kwenye mnyororo wake. Usidharau hili. Jeki iliyolala juu ya bati nyuma ya kiti inagonga sawasawa na krosi iliyokufa, tena wakati ule ule wa kuondoka na kusimama.

Ukiwa chini, mwambie mwenzako aweke gia ya kwanza, na kijiti cha transfa kiwe H2 (tairi za nyuma tu ndizo zinazovuta). Handbreki imeshika nyuma, gia imeshika mbele. Sasa shika bomba la propela kwa mikono miwili ulizungushe huku na huku kwa nguvu, kama mtu anayekamua nguo nzito, huku tochi imeelekezwa kwenye krosi. Usiangalie bomba, bomba litacheza tu. Angalia pale kikombe cha krosi (kofia yenye beringi kwenye kila mguu wa krosi) kinapokaa ndani ya sikio la yoki, ile uma ya chuma inayoishika krosi. Chora mstari wa chaki unaovuka kutoka sikio hadi mwili wa krosi. Mistari ikitembea pamoja, krosi ni nzima. Ukiona upande mmoja unatangulia na mwingine unafuata nyuma, hata kwa upana wa kucha, mgonjwa wako umempata. Halafu chomeka bisibisi kati ya yoki na krosi, nyanyua juu na chini. Krosi nzima haichezi hata kidogo upande wowote. Fanya hivyo kwa kila krosi, na kama propela yako ni ya vipande viwili, shika na beringi ya kati uitikise: mpira wake ukiwa umechanika, utaiona inaning'inia.

Ipo alama nyingine ambayo watu wanaipita. Futa vumbi kwenye krosi kwa kitambaa kikavu, kisha tazama ukingo wa vikombe. Ukikuta unga mwekundu uliokauka umezunguka kikombe kimoja, kama pilipili ya kusaga, ndani yake grisi ilikwisha siku nyingi, na huo unga ni sindano za beringi zilizosagika kwa kutu. Nikipasua krosi ya namna hiyo mara nyingi naikuta miguu yake ina mifereji iliyopangana, kila sindano imejichimbia pa kulala. Pitisha kucha juu yake, inanasa. Hapo grisi haisaidii tena. Nunua krosi mpya yenye nipo ya grisi (chuchu ya kupampia grisi), na uipime na ya zamani kikombe kwa kikombe kabla hujatoka dukani, kwa sababu zinafanana sana kwa macho huku zimepishana milimita moja.

Baada ya hapo mwambie mwenzako atoe gia, iwe huru. Sasa mbele hakuna kinachoshika, kwa hiyo nafasi yoyote utakayoisikia ukizungusha iko nyuma tu. Mkono mmoja shika bomba, mwingine shika flenji ya pinioni. Bomba likicheza na flenji imetulia, ni krosi ya nyuma. Vikicheza pamoja kama kitu kimoja, nafasi iko ndani ya difu au kwenye eksli. Kipimo hiki kinachukua nusu dakika, na ndicho ningetaka huyo fundi akifanye mbele yako wewe ukiwa umelala pembeni yake unaangalia.

Umesema hugonga hata ukikanyaga breki na gari linasimama. Hilo neno moja ndilo lililonifanya niikatae hukumu ya difu. Propela yako ina sehemu ya kuteleza, pale kipande kimoja kinapoingia ndani ya kingine kwa meno marefu. Imewekwa hivyo kwa sababu springi zikipanda na kushuka, umbali kutoka transfa hadi difu unabadilika, na propela lazima irefuke na kufupika. Unapofunga breki, eksli ya nyuma inataka kujipindua, pua ya difu inabadilisha mkao, na propela inatakiwa iteleze. Meno yakiwa makavu hayatelezi. Yananata, yanakaza, halafu yanaachia kwa ghafla: ko! Ukiondoka, eksli inajipindua upande mwingine, yananata tena, yanaachia tena.

Na wewe gari lako linashuka mwaloni. Najua hali ya mialo yetu: mchanga mbichi, matope ya ufukweni, tairi za nyuma ndani ya maji ili boti ipakuliwe karibu. Kila safari ya namna hiyo inaosha grisi na kuacha mchanga mahali pake. Ongeza na zile foleni za miaka yote kabla ya daraja kufunguliwa Juni 2025, gari limejaa mzigo, linapanda mlango wa pantoni kwa gia ya kwanza, linasimama, linasogea tena hatua tatu. Propela ya baba yako imefanya kazi hiyo bila mtu kuihesabia.

Kwa hiyo tafuta nipo ya grisi kwenye hiyo sehemu ya kuteleza, ifute, usiisukumie mchanga ndani, kisha pampu taratibu. Ukiona grisi ya zamani inaanza kutokeza, acha. Wengine wanapampu mpaka bomba linagoma, wakidhani ndiyo kulijali gari. Grisi ikijaa pale ndani propela haiwezi tena kufupika, na gari likiingia kwenye shimo inasukuma beringi za transfa na za pinioni. Pampu na krosi zote zenye nipo, hadi grisi mpya itokeze kwenye vikombe vyote vinne. Kikombe kimoja kikikataa kutoa, kikumbuke. Halafu toka na gari, ondoka na kusimama mara kumi, rivasi na mbele mara tano. Ule mlio wa kwenye breki ukitoweka au ukipungua nusu, umeshajua ulikuwa wapi, na umetumia hela ya grisi tu.

Siku ukiifungua propela kubadilisha krosi, chora alama ya chaki au rangi kwenye flenji zote, na kwenye ile sehemu ya kuteleza chora mstari unaovuka vipande vyote viwili. Yoki za ncha mbili za bomba hilo lazima zirudi zimelingana kama zilivyokuwa. Ukiziingiza zimepishana meno mawili matatu, kugonga kutaisha lakini gari litaanza kutetemeka, utarudi gereji ukilalamikia tairi. Na jambo la hatari: propela ya nyuma ikiwa nje, gia haishikilii tena tairi za nyuma. Anayezoea kuegesha kwa gia, akifungua bolti za flenji kwenye mteremko kama wa Bugando, gari linaondoka likiwa juu yake. Handbreki na mawe, kila mara, hata mahali unapopaona tambarare.

Krosi zikiwa nzima na grisi haijabadilisha kitu, hamia kwenye springi. Hapa niseme yaliyonikuta mwenyewe, kwa sababu yananiuma mpaka leo. Niliwahi kuletewa pikapu iliyokuwa ikibeba samaki kutoka upande wa Magu, inagonga kama yako. Nikabadilisha krosi zote, ikagonga. Nikamshauri mwenye gari tuweke difu ya mtumba, tukaweka, ikagonga vile vile. Utingo wa lile gari, kijana mdogo aliyekuwa amekaa pembeni siku zote mbili, akaniuliza kwa nini chuma kinang'aa pale springi inapokaa juu ya eksli. Nikainama. Yubolti (bolti zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye eksli) zilikuwa zimelegea na senta bolti, ile ya katikati ya springi, imekatika, eksli nzima inasogea mbele na nyuma kila ukiondoka na kusimama, imejisugua mpaka rangi na kutu vimetoka. Bolti moja na nati chache. Difu nilimrudishia hela yake, lakini siku mbili za biashara yake sikuweza kumrudishia.

Wewe angalia hapo kabla ya kutumia hata senti. Tafuta chuma kinachong'aa au mstari wa kutu mbichi kati ya springi na eksli. Kaza yubolti. Pima kwa kamba kutoka senta ya tairi la mbele hadi senta ya tairi la nyuma, upande wa kulia na wa kushoto, tairi za mbele zikiwa zimenyooka. Tofauti ikionekana wazi, eksli imehama. Kisha mwenzako awashe injini, mguu wa breki ukiwa umekanyagwa barabara, aachie klachi kidogo sana kwenye gia ya kwanza, aikanyage tena, halafu rivasi. Wewe simama ubavuni, kamwe usikae mbele wala nyuma ya gari wala chini yake, utazame springi na bushi zake pale zinaposhika chesisi. Fungua na boneti mrudie kipimo hicho: injini ikinyanyuka upande mmoja kama inataka kuruka, mauntini, yaani mpira unaoishikilia injini, imekatika. Mpira ulioloweshwa na dizeli au oili miaka mingi hufa namna hiyo, na ya giaboksi hufa vile vile.

Mbele usihangaike sana, una bahati ya hab za mkono. Zifungue zote mbili, weka H2, tembea. Kwa hali hiyo propela ya mbele na difu ya mbele havizunguki kabisa. Mlio ukibaki ule ule, mbele hakuna kosa. Ukitoweka hab zikiwa wazi na kurudi ukizifunga, mgonjwa yuko mbele. Ukisikia ka-ka-ka ukikata kona kwa foo wili, hiyo ni jointi ya eksli ya mbele karibu na tairi, jambo tofauti na swali lako. Ila nikuulize: ukitoka mwaloni unakumbuka kurudisha H2 kabla ya kushika lami? Foo wili ya gari hili haina difu ya katikati. Kwenye mchanga tairi zinateleza kidogo na kupumua. Kwenye lami haziwezi, kila kona inazidi kuzikaza propela mbili zishindane, na siku zinapoachia unasikia mlio wa kutisha, krosi na gia zikiwa ndizo zinazolipa. Tairi za mbele na nyuma zikiwa za saizi tofauti, hata barabara iliyonyooka inatosha kukaza.

Sasa difu, tuitendee haki. Kwanza hakikisha bolti ya kujazia oili inafunguka, ndipo ufungue ya kumwagia. Kuna waliomwaga oili yote kisha bolti ya juu ikagoma. Pokea oili kwenye beseni jeupe, uiache itulie juani, kisha chovya vidole na usugue. Unga laini wa kijivu kwenye gari la umri huu si ajabu. Ukikuta vipande unavyoweza kuvishika, au jino, hapo huyo fundi alisema kweli. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na ninajua yalikoingilia: unatoka barabarani difu ikiwa ya moto, unaizamisha ziwani, hewa ya ndani inapoa na kunywea ghafla, inavuta maji kupitia kitundu cha kupumulia kilicho juu ya eksli au kupitia sili zilizochoka. Safisha hicho kitundu, kikiwezekana kiunganishie mpira mrefu uliopandishwa juu bodini. Jaza oili ya 90 ya GL-5, na acha gari lipoe kabla ya kuliingiza majini.

Kisha shika flenji ya pinioni, isukume na kuivuta, juu na chini. Ikicheza namna hiyo, beringi za pinioni zimechoka au nati imelegea. Usimruhusu mtu aikaze hiyo nati kwa bomba refu mpaka isicheze, hata akikuhakikishia. Mkazo wa beringi za pinioni hupimwa, mara nyingi kwa kikola (pete ya chuma) kinachobonyezwa mara moja tu, na ukipitiliza beringi zinaungua ndani ya wiki chache. Ikifika hapo peleka kwa mtu mwenye geji ya kupimia nafasi ya meno, umuone kwa macho akiitumia. Krauni na pinioni zilizokwisha kweli huwa haziishii kugonga: zinaimba, mvumo unaopanda na mwendo na kubadilika ukiachia mafuta, na wewe darajani hujausikia.

Ukihitaji uhakika wa mwisho, fungua propela ya nyuma yote uiweke pembeni, funga hab, weka H4 (foo wili), tembea mita mia mbili polepole kwenye barabara ya vumbi bila mzigo. Gari litavutwa na tairi za mbele. Likiondoka kimya, kosa liko nyuma: propela, difu au springi za nyuma. Likigonga vile vile, rudi kwenye mauntini, giaboksi na transfa.

Mimi naanza na grisi na krosi ya nyuma. Ukikuta kikombe kimeanza kutoka kwenye sikio lake, au kipini chake cha kuzuia hakipo, gari lisisogee tena. Propela ikikatika upande wa mbele ukiwa kwenye mwendo, ncha yake inachimba barabara na kulinyanyua gari. Ita mtu akubebee dagaa siku hiyo, ifungue pale pale ilipo, na hiyo krosi ya zamani ingia nayo dukani mkononi.